Mashine Ambayo Haijafunguliwa

Mke wangu Mbinya alihama nyumbani kwa sababu ya mti. Tawi la ule mkaratusi mkubwa, ambao sisi Wakamba tunauita musanduku, lilianguka mchana juu ya jiko lake, likatoboa mabati na kuingia ndani ya sufuria ya isyo. Mahindi na maharagwe yakatapakaa hadi mlangoni. Yeye alikuwa ametoka kidogo kufukuza mbuzi, la sivyo tungekuwa tukizungumza mambo mengine.

Aliporudi akasimama akautazama mti. Ulikuwa umeinama kuelekea jikoni tangu mvua za mwaka uliopita zilipomomonyoa udongo upande wa juu.

"Baba Nzioka," akasema, "mimi na huu mti hatuwezi kukaa boma moja. Chagua."

"Nitaukata."

"Ulisema hivyo Pasaka."

Akachukua kuku wake, sufuria zake nzuri na Biblia, akaenda kwa dada yake Kathini ng'ambo ya bonde. Vilima vyetu vya Mbooni vimetengenezwa vibaya kwa mtu mwenye ugomvi na mke wake. Mashamba yanatazamana. Ukiwa huku unaona moshi wa jiko la mtu wa kule, na yeye anakuona ukienda chooni. Kwa hiyo kila asubuhi simu yangu ililia, na sauti ya Mbinya ikasema neno moja tu: "Nauona." Kisha akakata.

Watu waliniuliza kwa nini sikukodi mwenye msumeno wa injini, yaani pawaso, akaumaliza mti huo kabla ya chai ya saa nne. Niliwahi kukodi. Huyo bwana alinipasulia miti miwili ya mukau niliyoilea kwa maji ya kubeba wakati wa kiangazi, na mbao zake zilitoka nene huku na nyembamba kule, kama mkate uliokatwa na mlevi. Mimi katika ujana wangu nilikuwa mpasuaji wa mbao kwa msumeno wa shimo, ule wa watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine ndani ya shimo akila vumbi. Mimi nilikuwa wa juu. Wa juu ndiye anayefuata mstari. Sikuona sababu ya kumlipa mtu asiyeujua mstari.

Tena boma lina kazi nyingi. Kuna kuni, kuna nguzo za ua, kuna matawi ya miparachichi ambayo lazima yapunguzwe. Nilitaka mashine yangu mwenyewe, na kwa kuwa bei ya mpya haikamatiki kwa mtu wa umri wangu, nilitafuta iliyotumika.

Sikwenda sokoni kama kipofu. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima mwenye watoto, katika darasa la jioni, nimekaa kwenye dawati la mtoto magoti yakigusa kidevu. Tangu hapo sijafanya jambo kubwa bila kulisoma kwanza. Nilipata kijitabu cha Kiingereza juu ya misumeno ya injini, nikakisoma na kamusi pembeni. Kilisema mtu wa nyumbani asinunue mashine kubwa ya wapasuaji, atavunjika mgongo. Kilisema umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, uione ikiwaka ikiwa baridi. Kilisema uelekeze ncha ya upanga, kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo, kwenye karatasi nyeupe uone kama inarusha oili. Yote hayo niliyashika kichwani.

Kisha nikaongeza sheria yangu ambayo haikuwa kitabuni: isiwe imefunguliwa.

Kila mtu huku anaijua lugha hiyo. Mashine ambayo fundi hajawahi kuitoa matumbo inaitwa haijafunguliwa, na hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Mimi nilikuwa na sababu zaidi. Pampu yangu ya maji ilifunguliwa na fundi mmoja kwa ugonjwa mdogo wa kikohozi. Alipomaliza kuifunga, boliti moja ilibaki kwenye sahani. "Hiyo ni ya ziada," akaniambia bila haya. Pampu haikuvuta maji tena hadi nilipoiuza kwa mwenye chuma chakavu. Nikaapa.

Nilianza karibu. Chini ya kanisa letu anaishi Kasiva, mama yake Mwongeli, ambaye mumewe Musyoka alifariki mwaka jana. Musyoka alikuwa na pawaso na mkewe alikuwa akiiuza. Aliniwekea kiti kivulini, akanipa chai ya maziwa yenye tangawizi, akaileta mashine ikiwa imefungwa kwa gunia safi. Ukubwa wake ulikuwa sawasawa. Mkono wa breki ulikuwa mzima. Nilifurahi, nikauliza swali langu.

"Mama Mwongeli, hii imewahi kufunguliwa?"

"Eeh, imefunguliwa."

"Mara moja?"

"Mara mbili. Ya kwanza marehemu aliifungua hapa hapa kwa hii meza, akaweka pistoni mpya. Ya pili ilienda kwa fundi mjini Wote ikawekwa sili, ilikuwa inavuta hewa."

Nikaweka kikombe chini.

"Hujamaliza chai, Baba Nzioka."

"Nimeshiba."

"Hata kuivuta hutaivuta? Isikie tu sauti."

"Asante sana. Mimi natafuta ambayo haijafunguliwa."

Alinitazama, akatazama kikombe, kisha akaifunika mashine taratibu kama mtoto aliyelala. "Kwani unatafuta mashine ama unatafuta bikira?"

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilipanda kilima nikisikia akicheka, na nilijua kwamba kabla ya kikundi chao cha akina mama kumaliza mkutano wa Alhamisi, habari ya kile kikombe itakuwa imevuka bonde.

Mpwa wangu akaniambia Mtito Andei kuna kijana anauza mashine zilizotoka Mombasa. Nikafunga safari. Mtito kulikuwa na joto la kukaanga mayai, malori yamepangwa barabarani, na huyo kijana, Mbogo, alikuwa na kibanda kati ya hoteli ya pilau na mwenye kuziba panchari. Watu wake walitoka Murang'a, lakini alinisalimia kwa Kikamba kizuri, jambo lililonifanya niwe mwangalifu zaidi.

"Karibu, mzee wangu. Tazama hii. Imetoka Ulaya moja kwa moja. Mzungu alikuwa anakata nayo maua tu."

"Imefunguliwa?"

"Hii? Haijafunguliwa hata kwa maombi!"

Ilikuwa inang'aa rangi ya machungwa. Akaivuta mara moja, ikanguruma, na madereva waliokuwa wakila pilau wakageuka kutazama. Mimi nikasogea, nikagusa bomba la moshi kwa kidole. Nilikiondoa haraka.

"Mbona lina moto?"

"Ni jua, mzee. Hapa Mtito hata mawe yana homa."

"Jua limepiga hadi upande wa chini?"

Dereva mmoja akacheka hadi akapaliwa. Nilivuta tairi kuukuu nikakaa juu yake.

"Unafanya nini, mzee?"

"Nangoja ipoe."

"Sasa utangoja mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ipoe."

Akaniletea soda, nikanywa. Akanipigia hadithi, nikasikiliza. Mashine ilipokuwa baridi kama ndoo, nikamwambia avute. Alivuta. Akavuta tena. Akatoa shati, akavuta akiwa amekanyaga mashine kwa mguu, huku madereva wakimhesabia kwa sauti kama watu wa mchezo wa ngumi. Haikutoa hata pumzi.

"Leo imekasirika," akasema, jasho likimdondoka puani.

"Ikipata nafuu unipigie."

Nilijiona mshindi kwa muda mfupi sana. Simu ililia.

"Uko wapi?" Mbinya akauliza.

"Mtito Andei."

"Mti uko Mbooni," akasema, akakata.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki kila alasiri. Mvua ya Novemba huku kwetu hutanguliwa na upepo, na upepo ule hauna adabu na mti ulioinama. Nilihangaika. Niliona moja Wote iliyokuwa na upanga mrefu kama mlango, ya kuangushia misitu. Niliona nyingine ambayo mnyororo wake ulikuwa umefungwa kwa waya. Kila nilipoulizia, watu waliniambia kwa tabasamu, "Si uende kwa Kasiva?" Nikajua wote wamesikia.

Hatimaye nikapata simu ya mtu wa Kitui anayeitwa Nthiwa, shemasi wa kanisa kama letu. Nilipofika kwake nilikuta mashine iko sebuleni, juu ya meza ndogo, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni.

"Tangu niitoe kwenye boksi," akasema, "hakuna bisibisi iliyoigusa. Ndugu yangu, tazama mwenyewe."

Nilivaa miwani, nikatazama skrubu moja baada ya nyingine. Rangi ya kiwandani ilikuwa bado imejaa kwenye vichwa vyake, haijakwaruzwa. Nikagusa bomba la moshi: baridi. Nikavuta kamba, ya tatu ikawaka. Nikaelekeza ncha kwenye gazeti, ikarusha mstari mzuri wa oili. Nikakata kipande cha gogo kavu, kikaanguka kimenyooka. Upanga wake ulikuwa wa kadiri, na uzito wake mzee aweza kuubeba.

"Kwa nini unaiuza, shemasi?"

"Mgongo umekataa. Mashine haina neno."

Sikuvutana naye bei. Tuliomba pamoja kabla sijaondoka. Nilimpigia Mbinya nikiwa bado langoni kwa Nthiwa.

"Kesho utapika jikoni kwako."

"Nitasikia kwa masikio," akasema. Lakini hakukata mara moja, nami nikalichukua hilo kuwa jambo jema.

Kesho yake, kibali cha chifu kikiwa mfukoni, nilifunga kamba nene katikati ya mti na kuikaza kwenye shina la mparachichi upande wa juu, ili musanduku usilalie jiko. Upande huo wa juu nikakata pengo la kuuelekeza. Mashine iliimba. Nilijua sauti inavuka bonde, na nilijua nani anasikiliza, kwa hiyo nilikata kwa madaha kidogo. Kisha nikazunguka upande wa jikoni kuanza mkato wa nyuma. Kabari zangu mbili za mti mgumu nilikuwa nimezichonga, ziko tayari miguuni. Kazi ilikuwa kukata kiasi, kupiga kabari ili mti usiukalie upanga, kukata tena.

Nilikata kiasi. Nikawa nainama kuchukua kabari, na mashine ikazimika.

Ilizimika bila kelele, kama mtu aliyechoka na mazungumzo. Na katika ule ukimya mti ukalia ndani yake, ukarudi nyuma kidogo, ukakaa juu ya upanga. Kamba ikakazika hadi ikawa inatoa mlio. Nilivuta mashine, haikutoka. Nilivuta starta, ikazunguka kwa ulaini kama kamba ya kuteka maji kisimani, haina nguvu hata kidogo ndani. Nilivuta hadi bega likawaka moto. Mti wa urefu ule, umekatwa zaidi ya nusu, ukitazama jiko la mke wangu, na msumeno wangu umeumwa na mti kama mfupa na mbwa.

Simu ikalia.

"Imenyamaza," Mbinya akasema.

"Inapumzika."

"Baba Nzioka, mti umeinama zaidi. Nauona. Toka hapo chini!"

Nilitoka. Nikampigia Nthiwa.

"Shemasi, mashine yako imezima ikipata moto, na haiwaki!"

"Eeh," akasema kwa upole, "hiyo ndiyo tabia yake siku hizi. Ukingoja ipoe itawaka. Mimi nilikuwa nakata kidogo, nakunywa uji, nakata kidogo. Pistoni imelika, fundi alisema ifunguliwe lakini mimi nikakataa."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliniuliza kama imefunguliwa. Nikakuambia ukweli wa Mungu."

Nimetembea wilaya mbili nikiuliza swali moja, na aliyenijibu kwa uaminifu ndiye aliyeniangusha. Yule mwongo wa Mtito nilimkamata kwa kidole tu. Huyu mkweli alinipita na miwani yangu nimevaa.

Upepo wa alasiri ulianza kuchezea majani ya juu. Nilitoa jikoni meza, ndoo na mawe ya kusagia, nikavirundika uani. Kisha nikashuka kilima. Nilishuka nikijiambia kwamba ninaenda kumjulia hali mjane, jambo linalompasa mzee wa kanisa, lakini magoti yangu yalijua tunakoenda.

Kasiva alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinuka.

"Karibu, Baba Nzioka. Leo nisikupe chai, usije ukashiba."

"Mama Mwongeli, nimekuja kwa ile mashine ya marehemu."

"Ile iliyofunguliwa?"

"Ile."

"Mara mbili?"

"Mama Mwongeli, tafadhali. Mti unaanguka."

"Imeuzwa." Akapuliza maganda. "Imechukuliwa leo, baada tu ya yako kunyamaza. Sote tulisikia."

"Nani ameinunua?"

"Mtu mwenye akili. Hakuniuliza imefunguliwa mara ngapi. Aliuliza ni nani aliyeifungua." Sasa ndipo akanitazama. "Musyoka wangu aliifungua akiwa mgonjwa tayari, ili aache kitu kinachowaka. Wewe hukuuliza hilo. Uliacha chai."

Nikavua kofia.

"Panda nyumbani kwako haraka," akasema, "kabla mvua haijafika. Na mimi naja nyuma."

Nilipanda kilima kile kama kijana, nikihema. Uani kwangu, juu ya meza ya jikoni niliyoitoa mwenyewe, alikuwa amekaa Mbinya. Mapajani kulikuwa na lile gunia safi. Nyuma yake alisimama Kathini na akina mama wa kikundi chao, wameshika kamba yangu wakiipima kwa mikono kama nguo ya kununua.

"Ulinunua wewe?" nikauliza.

"Kikundi. Itakuwa ya kukodisha. Leo umekodi." Akanikabidhi. "Na usinitazame hivyo. Nimerudi kwa ajili ya mti, kwako bado sijarudi."

Niliweka mashine chini, nikavuta kamba ya starta, ikarudisha mkono wangu kwa nguvu. Ilikuwa na kifua. Ya pili ikawaka, ikanguruma kwa sauti nzito, na Kasiva, ambaye alikuwa anaingia langoni, akasimama akaziba mdomo kwa leso.

Nilianza mkato mwingine juu kidogo ya ule wa kwanza. Wale akina mama, kamba ikiwa bado imezungushwa kwenye mparachichi, waliivuta kutoka juu ya mtaro, wakiitana, "Vuta, Mwaitu, mama! Vuta!" Mbinya akiwa wa mbele, visigino vimezama udongoni. Nilikata, nikapiga kabari, nikakata. Mashine ikapata moto na haikujali. Mti ukasitasita, ukatazama jiko mara ya mwisho, kisha ukageuka polepole, ukapita kando yetu kwa mlio mrefu na kulala shambani. Ulivunja ua wangu na mgomba wa Mbinya. Jiko halikuguswa. Matone ya kwanza yalianguka tukiwa bado tunashangilia.

Jioni hiyo Mbinya alipika isyo chini ya mabati yenye tundu, na ndoo ikikinga maji. Hakusema kama amerudi. Lakini kuku walikuwa wamefika kabla yake, nami sikuwa mjinga wa kuuliza.

Mashine ya Nthiwa niliitoa kwenye kisiki, imepinda upanga. Sikuipeleka kwa fundi. Nina kijitabu, nina kamusi, na macho yangu bado yanaona. Nilitandaza magazeti mezani, nikaharibu rangi ya skrubu zile kwa mkono wangu mwenyewe, nikatoa pistoni iliyochakaa kama soli ya kiatu, nikaweka mpya niliyoagiza Wote, nikaifunga tena hatua kwa hatua kama kitabu kinavyosema. Kazi safi. Nilikuwa nanawa mikono nilipomsikia Mbinya kando ya meza.

Alikuwa ameinua sahani. Ndani yake kulikuwa na boliti moja.

"Na hii?"

Niliitazama boliti, nikaitazama mashine, nikamtazama mke wangu.

"Hiyo," nikasema, "ni ya ziada."

Akaitia mfukoni mwa aproni yake, akaenda kuangalia moto.